Nimesoma drifti jumamosi nane hapa Lubumbashi, na ponti nne tofauti. Maoni yangu

Batu bengi bananiuliza kama ile masomo ya drifti, yaani kupita kona motokari inaserereka pembeni, yenye inafanyikaka siku ya posho kule njia ya Kipushi inafaa makuta yake, basi niandike yote hapa kila mutu asome. Inafaa. Nimeenda jumamosi nane mufululizo, nimelipa kwa mufuko wangu, hakuna mutu alinituma niandike. Mbele ya kuanza ningekuambia naenda kujifunza kuchoma mapine, lakini kitu chenye kimenishika kule ni ponti, diferansieli, ile nyungu ya chuma yenye iko kati ya magurudumu ya nyuma na hakuna mutu anaiangaliaka wakati ananunua motokari. Sisi wote tunajua moteri, 1JZ na 2JZ za Toyota, turbo, tunabishana mupaka usiku, kumbe motokari inaserereka muzuri ao inakutupa juu ya ile nyungu.

Mie niko na Toyota Altezza, RS200 ya manuali, ilipitia Dar es Salaam ikaingia na mupaka wa Kasumbalesa kama zetu zingine zote za volani ya kuume. Mwezi wa pili, mvua nayo inamwangika, natoka Likasi, nikagusa gesi ndani ya kona na nyuma ikatoka. Niliogopa nikaachia gesi yote mara moja, nikakaza mikono kwa volani, motokari ikazunguka mara moja nzima ikasimama inaangalia kule nimetoka. Mudogo wangu wa kike alikuwa pembeni yangu. Hakukuwa kamyo mbele, Mungu alisaidia. Toka ile siku nilikuwa naendesha na woga mpaka batu ba taxi banapiga honi nyuma yangu, na mudogo njo alinisukuma, aliniambia yaya, ile kitu kama hauijui itakuuwa siku ingine, twende tujifunze wote wawili.

Mwenye kufundisha ni muzee mumoja fundi, tunamuitaka tu Papa, alitumika miaka mingi Afrika Kusini mbele ya kurudia kwetu. Ukimuambia unataka kuzungusha motokari kama ile michezo ya kule na BMW E30, ile banaita gusheshe, atakujibu kwa heshima kwamba ile inaitwa spinning, iko na ufundi wake, lakini yeye anafundisha ile ya Wajapani, ya kupita kona nzima motokari imelala pembeni na wewe njo unaamua itapita wapi. Anapenda kuhadisia juu ya Kunimitsu Takahashi mwenye alianza ile njia ya kuingia kona kwa kuserereka miaka ya 1970, na Keiichi Tsuchiya mwenye alimuangalia akaichukua akaifikisha mbali. Anahadisia wakati moteri zinapoa, kwa hiyo haupotezi wakati.

Kiwanja ni betoni ya depo ya zamani, kuko ukuta pande zote, mwenye kiwanja alitoa ruhusa, na ile kitu ni ya maana sana juu hapa kwetu vijana banafanyaka hizi mambo kwa barabara ya batu, usiku, mama anapita na mutoto kwa mugongo. Papa ukimuambia ulifanya hata mara moja barabarani anakurudishia makuta yako unaenda nyumbani, nimeona kwa macho akimurudisha kijana mumoja. Bei ni dola 50 kwa nusu siku na motokari yao, dola 30 ukikuja na yako. Mapine ni pembeni, nitarudia kwa ile mambo ya mapine.

Papa eko na Toyota Mark II mbili, zote GX100, zote za litre 2 bila turbo, zilikuwa otomatiki akazigeuza manuali, na ile freni ya kusimamisha yenye ilikuwa ya mguu akaitoa akaweka ya mukono. Kwa macho ni mapacha kabisa. Moja iko na diferansieli ya kawaida yenye ilitoka nayo kiwandani, na ingine ponti imechomelewa, yaani alifungua, akachoma na sudiri zile gia ndogo za ndani zikakuwa kitu kimoja. Saa ya kwanza unapanda ile ya kawaida, anakuambia fanya duara, na hauwezi. Unafanya, nyuma inatoka kidogo, kiisha inarudia, inatoka, inarudia, moshi iko lakini ni ya upande moja. Alipaka mustari mweupe kwa kila pine ya nyuma na mutu wa inje anaangalia, mudogo wangu alikuwa inje na akapiga kelele yaya, ya ndani tu njo inakimbia, ya inje inatembea polepole! Njo pale niliielewa, hakuna video ilinifunzaka vile. Diferansieli ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili, na ndani ya kona motokari inalalia upande wa inje, ile ya ndani inakuwa nyepesi inaanza kuzunguka bure, na juu nguvu inapaswa kuwa sawa, ya inje nayo inapata kidogo tu kama ile ya mwenzake muzaifu. Uongeze turbo, uongeze nini, unaongezea tu ile yenye inazunguka bure.

Kiisha unashuka unapanda pacha wake. Shasi moja, moteri moja, kiwanja kimoja, koni ile ile. Unazungusha volani, unapiga gesi, na nyuma inatoka yote, inabaki imetoka. Ponti ya kuchomelea inalazimisha magurudumu mawili kuzunguka mwendo moja, kwa hiyo zinaachia pamoja na zinashika pamoja, na mutu mwenye anajifunza anahitaji tu ile, motokari yenye inajibu kitu kimoja kila mara. Nilifanya duara yangu ya kwanza nzima kwa dakika kumi. Mudogo alifanya yake kwa dakika tano, na sababu yake ni ya kujua: yeye hakukaza volani. Papa anasema volani iko na akili yake, namna muhimili wenye magurudumu ya mbele yanageukia umelazwa kwa nyuma kidogo kwa juu inafanya yaangalie yenyewe kwenye motokari inaenda, basi ukiachia volani ipite ndani ya mikono inajirudisha yenyewe upande wenye inafaa, na kazi yako ni kuikamata kwa wakati wake. Mie nilikuwa napigana nayo, kama ile siku ya Likasi. Ilinichukua jumamosi mbili mikono kukubali.

Lakini asikudanganye mutu kwamba ya kuchomelea ni nzuri kwa yote. Ukikata kona polepole, mfano unaegesha, mapine yanalia na motokari inarukaruka juu gurudumu ya ndani inapaswa kutembea njia fupi na haina ruhusa. Ukiingia kona bila kuivunja nyuma, pua inasukuma mbele tu, haitaki kukata. Na shafti za magurudumu zinachoka. Jumamosi ya tatu moja ilikatika chini yangu, kraa, nikabaki katikati ya kiwanja. Ilipaswa kuwa na ingine ya kubadilisha pale pale, hawakuwa nayo, mutu akatumwa muji kuitafuta na nusu siku yangu yote ikaenda, na hawakunirudishia hata dola moja, banasema ni vile inakuwaka. Hapana. Mutu mwenye anaweka ponti ya kuchomelea anajua shafti itakatika siku moja, basi aiweke kwa rafu mbele ya kuchukua makuta ya batu. Nilimuambia Papa vile vile, kwa heshima, na jumamosi yenye ilifwata niliona shafti mbili kwa rafu. Makuta hayakurudi.

Kitu kimoja alitufundisha siku ya pili kwa pembeni, na kwangu peke yake ingetosha dola 50. Unafunga magurudumu ya mbele na mawe, unainua nyuma yote na kriki na unaweka vigingi, unatoa freni ya mukono, viteso (gia) unaweka nyutro, kiisha unazungusha gurudumu moja na mukono. Kama ile ingine inazunguka kinyume, ni ya kawaida. Kama inakufwata upande moja, imefungwa, ni ya kuchomelea ao ni LSD ya diski (LSD ni diferansieli yenye inazuia gurudumu moja isizunguke bure peke yake). Tulifanya kwa Mark II zote mbili, kiisha kwa motokari ya mwanafunzi mumoja mwenye alinunua Mark II na aliambiwa iko na LSD, alilipa zaidi juu ya ile neno. Ilizunguka kinyume, laini kabisa, bila kusita. Uso wake ulinihuzunisha. Kwa hiyo ndugu zangu benye mnaenda kuchukua motokari Kasumbalesa, kriki ni ya bei kidogo, inua nyuma ya motokari kabla ya kulipa.

Lakini ile kipimo iko na mutego, na mutego ni motokari yangu. Altezza yangu ilitoka na Torsen, aina ingine ya LSD, na ukiinua inazunguka kinyume karibu kama ya kawaida, mutu anaweza kukuambia uliibiwa na haukuibiwa. Torsen haina diski, iko na gia za kukatwa kwa pembe zenye zinakabana zenyewe wakati nguvu inapita, jina lenyewe ni la Kiingereza, maana yake ni kwamba inasikia nguvu. Na inatuma nguvu mara kadhaa zaidi kwa ile yenye imeshika. Neno kubwa ni ile "mara": kama gurudumu moja iko hewani haishiki kitu, mara ngapi ya sifuri ni sifuri. Chini inafanya kazi, juu ya kriki inalala.

Kuidrifti ni kazi ya subira. Ile betoni tunaimwangia maji juu mapine yadumu, na kwa maji Torsen ni tamu sana, nyuma inatoka polepole, inakupa wakati wa kufikiri, kugeuka kutoka kushoto kwenda kuume wakati unachora namba nane na motokari ni kama kucheza rumba. Kwa betoni kavu ni mambo ingine. Unapiga ambreyaji (klachi), yaani unakanyaga na kuachia haraka na gesi iko chini ili nguvu ifike nyuma kama nyundo, na Torsen inajibu lakini inachelewa kidogo, na ukikata volani sana na ile ya ndani ikawa nyepesi inaachia, unasikia moteri inapanda na motokari inanyooka. Na moteri yenyewe, 3S-GE, farasi 210 kwa karatasi, lakini inazitoa kule juu kwa mizunguko 7,600 kwa dakika, na sisi hapa tuko karibu metre 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri isiyo na turbo inapoteza asilimia kumi na kitu. Haukosei ukiisikia nzito. Unapaswa kuishika kwa kiteso cha pili na moteri ilie, hakuna njia ingine.

Ya nne ni BMW E36, na hii njo ilinifanya nirudie kila jumamosi. Iko na LSD ya diski, aina ya njia mbili. Nieleze juu batu banachanganya: ndani kuko diski ndogo zenye zinabanana kama za ambreyaji, ile ya njia moja inabana tu wakati unapiga gesi, ya njia mbili inabana wakati unapiga na wakati unaachia pia, na ya moja na nusu inabana sana ukipiga na kidogo ukiachia. Kwa drifti njia mbili njo bengi banapenda, juu wakati wa kuingia kona unaachia gesi, na kama ponti inafunguka pale nyuma inabadilisha tabia yake saa ile unaihitaji. Na hii haibadilishi. Tulijifunza kutupa uzito, unaelekeza motokari kidogo upande wenye si wa kona, kiisha unairudisha haraka upande wa kona, uzito wote unaruka upande mwingine na nyuma inafwata, hakuna freni, hakuna nguvu mingi. Na Mark II ya kuchomelea nilikuwa naifanya na pua inasukuma. Na E36 iliingia kwa mara ya pili, na nilipiga kelele peke yangu ndani ya kofia ya kukinga kichwa.

Iko na kasoro. Kwa kona za polepole inagongagonga, ko ko ko, mutu wa kwanza anafikiri imevunjika, na mafuta yake ni ya pekee ya ponti za diski, yanabadilishwa mara nyingi, na diski zinaisha. Ya kuchomelea fundi anakufanyia kwa bei ya chakula cha wiki moja, ya diski, hata okazioni (yenye ilishatumika), ni mia kadhaa za dola na kuitafuta ni safari.

Sasa shasi. Hapa naona masomo yao iko fupi kidogo, ningependa zaidi, lakini mikono inajifunza yenyewe. Mark II ni ndefu, kutoka gurudumu ya mbele mupaka ya nyuma ni milimetre 2,730, E36 ni 2,700, Altezza 2,670. Ukiandika kwa karatasi ni kiloko, ukikaa ndani Mark II inatoka kama mulango mukubwa, unaiona inakuja, na Altezza ni ya haraka zaidi, inakuuliza na inataka jibu. Papa anasema zile fupi kabisa kama Toyota AE86 yenye ni 2,400 zinazunguka mbele ya mwanafunzi kupumua, na ni sababu hafundishi na motokari fupi hata kama angeipata. Tofauti ingine kubwa ni mukono: Mark II na Altezza ziko na volani kuume, freni ya mukono unaishika na kushoto, BMW ni volani ya kushoto kama sheria yetu ya barabara, unaishika na kuume. Jumamosi nzima ya kwanza na E36 nilikuwa natafuta freni kwa mulango. Na Papa alikata na kufupisha mikono midogo ya volani ya E36 ili magurudumu ya mbele yakate zaidi, kwa hiyo unaweza kulala pembe kubwa bila kuzunguka. Na Altezza yangu yenye haijaguswa, ukipita ile pembe volani imeisha na umekwisha na wewe.

Malalamiko yenye ilibaki. Mapine: siku ya kwanza hakuna mutu aliniambia ni pembeni, nikashuka nafurahi, nikaambiwa dola 20 ya mapine mawili ya okazioni. Iandikwe kwa ukuta. Kofia ziko tatu na zote ni kubwa, mudogo wangu alifunga kitambaa chini ili isizunguke, na kofia yenye inazunguka haikulindi kitu. Vizima moto viko viwili na viko karibu, ile nawapa alama zote. Na saa: banasema saa mbili ya asubui, banaanza saa tatu na nusu, betoni inaanza kuwa moto na maji inakauka haraka.

Nikiulizwa nipange, kwa kuanza panda ya kuchomelea, lakini usikubali kupanda hiyo peke yake, muombe Papa akuanzishe na ya kawaida kama alivyotuanzisha, hata kama utaona unapoteza makuta na duara zenye hazifiki. Bila ile saa moja ningekuwa najua kuserereka na sijui juu ya nini. Kwa mutu mwenye anatumia motokari moja kwa kazi, kwa kanisa na kwa kiwanja, Torsen, na sitaichomelea Altezza hata nikilipwa, juu mvua ya njia ya Likasi bado iko na naijua. Ile ya kuchomelea kwa barabara ya mvua inaweza kutoka nyuma bila kukuambia kitu.

Ukienda, fika na viatu vya kufunga, mapine yako mawili ukiwa nayo, maji ya kunywa, na kofia yako kama uko nayo. Na mwezi wa tano mupaka wa tisa enda mapema sana, asubui ni baridi lakini vumbi bado halijaamuka. Mudogo ameanza kuingia E36 na kutupa uzito, yuko mbele yangu sasa. Mie jumamosi hii niko kule na Altezza, nataka nimalize ile namba nane mara tano mufululizo kwa betoni kavu bila kugusa koni. Nimefika tatu.